Mlima Pasipo Watu: Neno juu ya Filimu «Congo»

Kati ya filimu ambazo vijana wetu wa Lubumbashi wanapitisha toka telefone hata telefone, kuko moja yenye jina la inchi yetu: «Congo», iliyotoka Marekani mwezi wa sita mwaka wa 1995. Waseminari wawili watatu wametuomba tuseme neno juu yake katika kurasa hizi. Kwanza tulisitasita, kwani filimu yenyewe haistahili karatasi nyingi. Ni hadisi ya watu waliopotea mlimani, wanaokimbia hatari moja na kuangukia nyingine, mpaka wachache wanapona. Lakini tumeitazama mara mbili, na mara ya pili hatukucheka tena. Tutasema kwa nini.

Hadisi ni hii. Kompanyi moja ya Marekani, yenye kazi ya telefone na satelite, inatafuta almasi ya namna ya pekee, ndiyo diama ya buluu, ili itengeneze mashini ya kupeleka habari kwa upesi kuwashinda wengine wote. Inatuma watu wake katika milima ya Virunga, mashariki mwa Zaire ya siku zile, nao wanauawa gafula. Basi inamtuma bibi Karen Ross, ambaye zamani alikuwa mchumba wa mmoja wao. Anafuatana na mwalimu wa chuo kikuu, Peter Elliott, anayetaka kurudisha msituni gorila jike aitwaye Amy, aliyefundishwa kusema kwa ishara za mikono. Tena na Mromania mmoja mwenye tamaa, Homolka, anayetafuta mji wa kale. Tena na kiongozi wa safari, Monroe Kelly. Nyuma yao, wapagazi. Ndege yao inapigwa risasi, wanaruka kwa parashuti, viboko vinapindua mitumbwi yao, mji wa kale unalindwa na gorila za rangi ya majivu zinazoua watu, na mwisho mlima wa moto unapasuka na kumeza vyote. Wanaotoka ni watatu, wakipaa katika baluni.

Kadiri ya desturi ya wazee wetu, tupime kwanza mambo ya adabu. Papa Pius XI aliandika barua juu ya sinema tarehe 29 mwezi wa sita 1936, akawasifu wakatoliki wa Marekani waliojiunga ili kukataa filimu chafu. Kipimo chao kilikuwa chepesi, na kwa kipimo hicho «Congo» inapita mlangoni pasipo shida. Hakuna mambo ya kitandani, hakuna matukano ya Mungu. Damu iko, tena maiti, na kwa sababu hiyo haifai kwa watoto wadogo. Lakini Papa Pius XII, katika barua yake ya tarehe 8 mwezi wa tisa 1957 juu ya sinema, radio na televizio, aliomba zaidi: sinema itumikie ukweli na wema, isitosheke na kutokuwa chafu. Hapo ndipo ugomvi wetu na filimu hii unapoanza.

Tazameni majina ya watu walioitengeneza. Mwenye kuiongoza ni Frank Marshall. Mwenye kuandika maneno ya wachezaji ni John Patrick Shanley, yule yule aliyeandika baadaye mchezo uitwao «Doubt» juu ya padri na mtawa katika shule ya wakatoliki. Basi, miaka miwili tu mbele ya «Congo», mwaka wa 1993, watu hao wawili walitoa pamoja filimu nyingine ya watu waliopotea mlimani. Jina lake «Alive», maana yake wazima. Filimu hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja, na asiyeziweka pamoja hataona vizuri ile ya pili.

«Alive» inasimulia jambo la kweli. Tarehe 13 mwezi wa kumi 1972 ndege ya jeshi la Uruguay ilianguka katika milima ya Andes, kati ya Argentina na Chile. Ndani walikuwamo watu 45, wengi wao vijana wa kundi la rugby la Old Christians, waliosoma Montevideo katika koleji Stella Maris ya mabruda wa Ireland. Walikaa siku 72 katika teluji, yaani ile barafu inayoanguka kama unga na kufunika vyote. Hakuna mti, hakuna majani, hakuna mnyama. Walisikia kwa radio ndogo kwamba wenye kuwatafuta wameacha. Tarehe 29 ya mwezi ule ule teluji iliporomoka usiku juu ya waliolala, ikaua wanane. Waliookolewa mwisho ni 16. Ili waishi walikula nyama ya maiti ya wenzao.

Hapo filimu inakuwa shule ya kweli kwa waseminari wenye kusoma teolojia ya zamiri. Mtengenezaji hakukimbilia nyama. Alionyesha kwanza maneno: vijana wameketi katika tumbo la ndege iliyovunjika, mmoja anasema roho imekwisha kwenda, mwili ni nyama tu; mwingine anakataa; mwingine analia. Hakuna anayemlazimisha mwenzake. Usiku wanasali rozari. Eklezya haikuwahukumu, kwani hawakuua mtu, na hitaji lilikuwa la mwisho kabisa. Wengine kati yao walisema wamefanya sawasawa na Komunyo. Tuwe na akili hapo. Kijana mwenye njaa anaweza kusema hivyo na Mungu anamsikia. Lakini mwalimu wa teolojia hawezi kulifanya neno lile kuwa fundisho, kwani Kristu anatupa mwili wake ulio hai, naye alijitoa kwa mapenzi yake. Tunaloweza kushika pasipo hofu ni ahadi waliyofanya wao kwa wao: nikifa mimi, mwili wangu uwe chakula chenu. Hapo kuko upendo, na filimu imeuona.

Tena tusisahau namna walivyookoka. Wawili, Nando Parrado na Roberto Canessa, walitembea siku kumi, wakafika penye mto, na ng'ambo walimwona mchunga wa milima, Sergio Catalán. Mto ulipiga kelele, hawakusikilizana. Mchunga akafunga karatasi na kalamu katika jiwe akawatupia. Akawatupia mkate pia. Kisha akapanda farasi, akaenda mbali kuita polisi. Filimu ya Mspania J. A. Bayona ya mwaka wa 2023 juu ya habari hiyo hiyo inamwonyesha mtu huyu katika saa yake. Hakuwa na mengi: alikuwa na mkate, na macho ya kumwona mtu katika wale wawili waliofanana na wanyama.

Sasa turudi Virunga. Je, Marshall na Shanley walileta kwetu nini katika yale waliyoweka Andes? Hakuna. Wapagazi wanabeba, wanaogopa, wanakufa. Hatujui mama ya mmoja, wala kijiji chake, wala sala yake. Wakati Mmarekani anapokufa, wenzake wanasimama na kuhuzunika. Wakati mpagazi anapokufa, safari inaendelea. Mmoja tu ameshika jina katika kichwa chetu, Kahega, kapita wao, na huyu alichezwa na mtu wa London mwenye wazazi wa Nigeria. Katika njia wanakutana na watu wa msitu ambao filimu inawaita kabila la mizimu. Ninyi mnaosoma Kiswahili mnajua maana ya neno hilo. Kumbe watu wazima, wenye damu na pumzi, wamepewa jina la wafu! Wanacheza ngoma, wanaamsha Mzungu aliye nusu maiti, halafu wanapotea. Hakuna aliyewauliza njia.

Tuseme kweli yote. Monroe Kelly, aliyechezwa na Mmarekani mweusi Ernie Hudson, ndiye mtu bora wa filimu nzima: jasiri, mpole, mwenye adabu, anajua kazi yake kuwashinda wote. Lakini yeye mwenyewe anajigamba kwa mzaha kuwa ni mwindaji mkubwa wa Kizungu aliye na ngozi nyeusi, na mzaha huo una siri ndani yake: ili mweusi awe mtu katika hadisi hii, sherti atoke nje. Tena kuko Kapiteni Wanta, askari mwenye kiburi, anayetaka feza na anayekasirika kwa sababu ya keki yake. Hapo tulicheka hata machozi. Kila mtu aliyepita bariere katika inchi hii anamjua Kapiteni Wanta, naye hana kabila.

Juu ya mji wa kale tuna neno pia. Unaitwa Zinj. Waarabu wa zamani waliita hivyo pwani ya mashariki ya Afrika na watu wake. Kutoka neno hilo lilipatikana jina la Zanzibar. Basi Michael Crichton, aliyeandika kitabu cha «Congo» mwaka wa 1980, alichukua jina la Waswahili kutoka bahari na kulipanda juu ya milima ya Kivu, kama mtu anayechukua kofia ya mwingine na kuuza. Katika filimu Homolka anaongeza kwamba ni mashimo ya almasi ya mfalme Solomono. Yule mwenye kusoma Kitabu cha Wafalme anajua kwamba Solomono aliletewa zahabu ya Ofiri. Shimo la almasi ni ndoto ya Mwingereza Rider Haggard, aliyetoa hadisi yake mwaka wa 1885. Ndoto hiyo ina mizizi mirefu. Wazungu wengi walipoona kuta za mawe za Zimbabwe walikataa kuamini kwamba watu weusi ndio waliozijenga. Na sisi wa Katanga tuseme nini? Mbele ya kompanyi yo yote, wazee wetu waliyeyusha shaba, wakaimimina katika mifano ya misalaba, wakafanya nayo biashara. Makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yana misalaba hiyo ndani yake. Askofu de Hemptinne mwenyewe aliandika mwaka wa 1926 juu ya wale walioitwa walaji wa shaba. Hakuna aliyehitaji Solomono.

Lakini yote hayo ni makosa ya elimu, nayo yanasahihishwa kwa vitabu. Kosa kubwa ni mlima wenyewe. Mlima tunaouona katika filimu si wetu. Picha nyingi zilipigwa Costa Rica, penye mlima wa moto Arenal, na nyingine katika vyumba vya sinema vya California. Si zambi, kila filimu inafanya hivyo. Lakini mlima huu wa kuazima umefagiliwa watu. Tunasafiri ndani yake saa nzima pasipo kuona shamba la maharagi, mbuzi, moshi wa jiko, kanisa, mwanamke mwenye mzigo wa kuni. Na katika milima ya Virunga udongo wa moto ni mzuri kwa kulima, watu ni wengi sana. Hata ile fasi isiyo na watu, yaani hifadhi ya wanyama iliyofanywa mwaka wa 1925 kwa jina la mfalme Albert, ilikuwa na watu mbele ya kuondolewa kwa amri ya Serkali. Pori lile lilitengenezwa.

Tena angalieni mwaka. Mwezi wa saba 1994, katika siku chache, wakimbizi karibu milioni moja walivuka kutoka Rwanda wakaingia Goma. Kati yao walikuwamo wauaji, na kati yao watoto wasiojua kitu. Waliketi juu ya mawe ya mlima Nyiragongo, mawe yaliyokuwa moto zamani na sasa ni magumu kama chuma, hata jembe halikuweza kuchimba choo wala kaburi. Kipindupindu kiliingia. Katika mwezi mmoja watu kama 50.000 walikufa. Filimu ilipofika mbele ya watazamaji wa Marekani, kambi za Kibumba, Katale na Mugunga zilikuwa bado zimejaa, chini ya milima ile ile ambayo filimu inasema haina mtu. Hapo ndipo palikuwa na habari ya watu waliotaka kuishi. Watazamaji wakalipa kwa kuona gorila za majivu. Filimu iliingiza dola zaidi ya milioni 150 katika dunia.

Na gorila zenyewe zimesingiziwa. Gorila wa milima anakula majani na machipukizi. Hajafundishwa na mtu kulinda diama wala kuponda vichwa. Hesabu ya miaka hii inasema wamebaki elfu moja na zaidi kidogo, katika Kongo, Rwanda na Uganda. Wanaokufa kwa ajili yao ni watu: tarehe 24 mwezi wa ine 2020, karibu na Rumangabo, walinzi 12 wa hifadhi ya Virunga waliuawa siku moja, pamoja na dereva na raia wane.

Mlima wa moto pia umefanywa mtumishi wa hadisi. Unapasuka wakati mwandishi anapotaka kumaliza. Nyiragongo haungoji mwandishi. Tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977 ziwa lake la moto lilitoka kwa nyufa katika muda usiopita saa moja, likakimbia kushinda mtu. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 moto ulipita katikati ya mji wa Goma, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaharibu katedrali ya Mtakatifu Yosefu. Mamia ya maelfu ya watu walikimbilia Gisenyi kwa miguu, na baada ya siku chache wengi walirudi wakikanyaga mawe yenye moto bado chini, wakitafuta fasi ya nyumba zao. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ukatoka tena. Hakuna baluni iliyowangoja.

Katika jambo moja filimu ilisema kweli, tena pasipo kukusudia. Kompanyi ya telefone inataka jiwe la mlima wetu, na kwa jiwe hilo inakubali watu wafe. Mwaka wa 1995 hilo lilikuwa mchezo. Mwaka wa 2000 bei ya koltani ilipanda gafula, na milima ya Kivu ikajaa wachimbaji na watu wa bunduki. Rubaya, katika Masisi, ni jina linalojulikana mbali sasa. Na sisi hapa? Lubumbashi haina mlima ila kile kilima cheusi cha masalio ya shaba, kando ya bomba refu la moshi la Gécamines. Hata kilima hicho cha takataka kilionekana kuwa na samani: waliona kobalti ndani yake, wakaanza kukichota. Basi kijana wa hapa anatazama «Congo» katika telefone ambayo betri yake inaweza kuwa imetoka chini ya miguu yake. Mwisho wa filimu diama ile inatupwa kutoka baluni ianguke msituni, ndiyo alama ya moyo safi. Tendo zuri, na lepesi kwa mtu anayepaa.

Mtauliza kwa nini tunapiga kelele hivi juu ya filimu ya kupitisha usiku. Ni kwa sababu tunaisikia midomoni mwa watu wetu. Toka hapa mpaka Goma ni zaidi ya kilometa 1.000, na wakristu wengi wa Katanga wanasema «kule Kivu» kama watu wasemavyo juu ya mwezi. Siku ya kukusanya sadaka kwa wenye kukimbia vita tumesikia neno hili, tena si kwa watu wabaya: «Wale wamezoea.» Maana yake, mtu wa kule ni sehemu ya mlima, anateseka namna jiwe linavyonyeshewa mvua. Neno hilo halikutoka katika Katekismu. Yeye anayeona mara kumi wapagazi wakifa pasipo majina, mara ya kumi na moja hahesabu tena. Na ninyi waseminari mtapanda katika mimbari siku moja kuwaombea watu hao. Itawapasa kujua ni picha gani imekwisha kukaa katika vichwa vya wanaowasikiliza.

Si filimu hii peke yake. Mwaka wa 1958 Wabelgiji walitoa «Les seigneurs de la forêt», kazi nzuri sana kwa macho, iliyopigwa kweli katika mashariki ya Kongo, chini ya ulinzi wa shirika la mfalme Leopold III. Pale watu wako, lakini wamewekwa pamoja na wanyama kama watoto wa msitu, miaka miwili tu mbele ya uhuru, wakati miji yetu ilikwisha kujaa wafanya kazi na makarani. «Congo» ilizaliwa katika nyumba hiyo.

Hukumu yetu basi. Watoto wadogo wasiione. Wakubwa wanaweza kuiona, na hatutawaambia kwamba wamefanya zambi. Mwenye kuongoza vijana katika parokia asiwakataze, kwani wataitazama tu gizani. Aionyeshe mwenyewe, na juma lifuatalo aonyeshe «Virunga», filimu ya kweli ya mwaka wa 2014, iliyoongozwa na Mwingereza Orlando von Einsiedel. Humo wataona mlima huo huo na watu ndani yake: mlinzi André Bauma akikaa na gorila mayatima wakati mizinga inakaribia mwaka wa 2012, na Rodrigue Katembo akikataa rushwa ya watu wa petroli. Ile ya Andes ingojee waseminari wa teolojia, pamoja na mwalimu wa kufafanua mambo ya Komunyo. Na mbele ya kuzima mashini usiku wa kwanza, awaulize vijana swali moja: mbali na Kahega, mpagazi gani mmeshika jina lake?